Uji wa Nshoma

Kati ya mji wa Melania na mji wa Mama Masalu palikuwa na ua wa minyaa, na katika ule ua palikuwa na pengo. Kuku walipita hapo, mbuzi walipita, na bibi Nshoma, mama mkwe wa Melania, naye alipita kila jioni kwenda kunywa wanzuki kwa jirani yake. Wanzuki ni pombe ya asali, na ndiyo iliyomlisha Mama Masalu tangu mumewe afe. Kanisani alikuwa haendi. Alisema Jumapili ndiyo siku wateja wake wana kiu.

Melania alikuwa mtu wa kanisa, na haki yake apewe, hakuwa wa kujionyesha. Akifunga, anafunga kweli. Magoti yake yalikuwa na sugu kama ya ngamia. Mumewe alipokufa hakumfukuza Nshoma wala hakumrudisha kwa ndugu zake, alimwosha, akampikia, akamwombea. Kitongoji kizima, hapo nyuma ya kijiji cha Samuye, kilimtaja Melania pale walipotaka kumsema binti asiye na adabu.

Mwaka ule kiangazi kilipoanza Nshoma aliumwa tumbo. Akakonda hadi pete ikaanguka yenyewe kidoleni. Hospitali walimpa dawa, wakasema arudishwe baada ya wiki mbili. Kabla wiki mbili hazijafika, Mchungaji Theonest wa lile kanisa la mabati barabarani akatangaza maombi ya siku tatu kwa ajili yake. Mfungo mkavu, bila chakula, bila maji.

"Na mgonjwa mwenyewe?" wakamuuliza.

"Mgonjwa ndiye wa kwanza," akasema Mchungaji kwa sauti yake ya upole. "Ugonjwa unakula kile anachokula. Tukiunyima, utatoka."

Melania akalia kwa furaha. Akamfunika mkwewe khanga mpya, akaondoa mtungi wa maji karibu na kitanda ili asijaribiwe, akaenda kanisani kuungana na wenzake.

Siku ya tatu mchana Mama Masalu alikuwa anachuja pombe aliposikia mtu anagonga ukuta. Anagonga, anapumzika, anagonga. Akanawa mikono akapita pale penye pengo.

Nshoma alikuwa amelalia ubavu. Midomo imepasuka kama udongo wa mbugani.

"Mbuke," akaita. Nshoma peke yake ndiye aliyebaki kumwita kwa jina lake la usichana. "Nina kiu."

"Wamesema umefunga."

"Wamefunga wao. Mimi wamenifungia." Akacheka kidogo. "Wananiombea tangu juzi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Mama Masalu akarudi kwake. Hakutaka ushauri wa mtu. Akapika uji wa mtama, mwepesi, akautia ukwaju kama Nshoma alivyoupenda, akaupoza kwa kuumimina huku na huku. Akamnyanyua mwenzake kichwa akamnywesha kidogo kidogo kwa kikombe chake cha bati cha kijani, kile chenye pengo kwenye mdomo. Nshoma alikunywa chote. Akasema, "Umeukoleza ukwaju," akalala.

Alfajiri akafa.

Kwenye mazishi aliyeshika sururu ya kwanza ni Masalu, kijana wa Mama Masalu, mchimbaji wa dhahabu kule Katoro, aliyekuwa amekuja kumsalimu mama yake. Udongo wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, lakini Masalu alikuwa amezoea mwamba, akachimba huku anawatania wenzake kwamba wana mikono ya wapiga kinanda. Kesho yake akapanda gari akarudi machimboni.

Kikombe kilionekana baadaye, chini ya kitanda, Melania alipokuwa anafagia. Akakinusa. Akakaa chini sakafuni nacho mapajani.

Basi ikaitishwa dagashida, mkutano wa kitongoji kizima, ule ambao neno lake halina rufaa. Mwenyekiti alikuwa mzee Kalisti. Melania akasimama na kikombe mkononi. Hakupiga kelele.

"Tulibakiza usiku mmoja tu," akasema. "Usiku mmoja, mama angesimama. Mtu akaja akavunja mfungo. Mimi simchukii. Nataka ajue alichofanya."

"Kikombe cha nani?" akauliza Kalisti.

"Changu," akasema Mama Masalu. "Alikuwa na kiu, nikampa uji. Kuna swali jingine?"

Watu wakaguna. Lau angelia kidogo, mambo yangekwisha siku ile ile. Lakini alisimama vile kama anayesubiri chenji yake dukani, na watu hawapendi kuonwa hivyo.

"Mayu, mama yetu, hatutaki makubwa," akasema Kalisti. "Sema tu kwamba uji wako ulimuua mwenzio. Omba radhi, tule mbuzi, yaishe."

"Nikisema hivyo nitakuwa nimemsingizia Nshoma. Aliomba mwenyewe kunywa."

"Sema, mama," akasema Mchungaji Theonest taratibu. "Mungu anasamehe."

"Akinisamehe Mungu, ninyi mtaniuliza nini tena?"

Wakamtenga. Kwa wasiojua, kutengwa ni hivi: hakuna anayekusalimu wala kuitikia salamu yako. Hakuna wa kununua kwako wala kukuuzia. Mashine ya kusaga hairuhusiwi kupokea mahindi yako. Ukifiwa, hakuna mguu utakaokanyaga kwako wala jembe litakalogusa ardhi yako. Aliyetengwa akitaka kurudi, anajua maneno anayotakiwa kusema.

Mama Masalu hakuyasema. Wanzuki ikachachuka kwenye mapipa akaimwaga. Akarudia kusaga kwa jiwe, kazi aliyoiacha akiwa msichana. Pale penye pengo Melania akaziba kwa miiba, na kila jioni akawa anasikika upande wa pili akimtaja kwenye maombi, jina kamili, bila chuki.

Masalu akipiga simu aliambiwa, "Hatujambo, ng'wanone, mwanangu. Huku shwari."

Mwezi wa kumi, mvua haijanyesha bado, ardhi imechanika nyufa za kuingia mguu, gari dogo likasimama mbele ya ule mji. Akashuka kijana mmoja mkono wake wa kulia umefungwa kwenye ubao na matambara. Aliitwa Fredy. Alikuwa shimo moja na Masalu.

"Shikamoo mama."

Ilikuwa miezi tangu aambiwe neno hilo uso kwa uso. "Marahaba," akasema, halafu akaona kilicholala nyuma ya gari.

Duara, lile shimo lao la dhahabu, lilikuwa limekatika na kuporomoka. Kifusi kilimpiga Fredy mkono, Masalu kikamfunika kabisa. Dereva aliteremsha jeneza uani, akageuza gari bila kuomba hata maji ya kunywa. Wakabaki watu wawili na jeneza la mbao mbichi, na jua la mwezi wa kumi.

Mama Masalu hakulia kwa sauti, maana kilio ni cha kuita watu, na yeye alijua hawatakuja. Alichukua jembe. Fredy akachukua sururu kwa mkono wa kushoto. Walipiga pale nyuma ya nyumba, jembe likaruka. Wakapiga tena. Asubuhi yote walipata shimo la kufikia goti la mtoto, na mpini wa jembe ulikuwa na damu. Nzi walikuwa wameshajua njia.

Mchana Kalisti akaja akasimama nje ya minyaa. Hakumtazama mwenye mji. Alimtazama Fredy.

"Kijana, hujambo. Mwambie mama huyo kwamba watu wapo. Majembe yapo pale kanisani, yamekaa tayari."

Fredy akashangaa. "Si huyu hapa, mzee? Anakusikia."

"Mimi nasema na wewe. Mwambie anajua cha kusema. Na mwambie jua halimsubiri mtu."

Fredy akageuka. Hakuhitaji kurudia.

"Ni maneno gani hayo, mama?" akauliza.

"Ni uongo."

"Mrefu?"

"Mfupi."

Fredy akaangalia jeneza, akaangalia kile kishimo chao. "Mama, mimi huyu nilimchimbua kwa mkono mmoja. Meno yake yalikuwa yamejaa udongo. Kama ni uongo mfupi, useme."

Mama Masalu akajifunga khanga vizuri, akatoka hadi barabarani. Walikuwa wamekusanyika wote kwenye kivuli cha kanisa, wanaume wameegemea majembe yao, wanawake wana sufuria vichwani, kama watu waliokuwa wanasubiri gari. Njia ikafunguka. Akasimama katikati.

"Uji wangu ulimuua Nshoma," akasema.

"Kwa sauti, mama," akasema Mchungaji Theonest. "Wa nyuma hawajasikia."

"Uji wangu ulimuua Nshoma. Naomba radhi."

Melania akamkumbatia kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa analia machozi ya kweli, yamelowesha bega la mwenzake. Na hapo salamu zikaanza. Shikamoo mayu, mwadila mayu, pole sana mayu, kutoka kila upande, kama maji yaliyokuwa yamezuiwa na tuta. Watu walikuwa wamemkumbuka. Hiyo nayo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyouma kuliko yote.

Wanaume wanane waliingia kwenye lile shimo kwa zamu. Kazi iliyowashinda wawili asubuhi nzima, wao waliimaliza kabla jua halijainama. Walichimba wakiimba. Mmoja akasema Masalu angewacheka kwa mikono yao ya wapiga kinanda, na watu wakacheka, na mama yake akasikia. Wanawake waliwasha moto uani kwake, wakaweka mafiga, wakapika wali na maharage. Mchungaji aliomba muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa mwana aliyelala, akamshukuru zaidi kwa mama aliyerudi, akasema msiba huu ulikuwa na kazi yake.

Jeneza likashuka. Udongo ukarudi.

Melania akaja na uji. Aliupika mwenyewe, nyumbani kwake, akauleta kwenye kikombe cha bati cha kijani chenye pengo kwenye mdomo.

"Kunywa, mama. Hujala tangu asubuhi. Na kikombe chako nimekurudishia."

"Mwoneni huyo," akanong'ona mama mmoja nyuma. "Ule ni moyo."

Mama Masalu akakipokea kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Fredy," akaita. "Kaburi limekwisha?"

"Limekwisha, mama."

"Udongo wote umeingia? Hakuna kilichobaki?"

"Wanasawazisha tu juu."

"Haya." Akamgeukia Melania, akasema kwa sauti ile ile aliyoamriwa mchana, ili wa nyuma wasikie. "Mkweo alikufa akiwa na kiu na njaa. Uliuondoa mtungi karibu yake kwa mkono wako, ukaenda kumwombea. Uji wangu haukumuua. Ulimpunguzia. Mchana nilisema uongo kwa sababu nilikuwa na mtoto juu ya ardhi. Sasa sina."

Koleo zikasimama.

"Ana uchungu," akasema Mchungaji haraka. "Msiba unasema, si yeye."

"Ni mimi."

Kalisti akamsogelea. Ilikuwa mara ya mwisho kumwangalia usoni. "Mayu, fikiri. Wewe nawe una siku yako. Mtoto amekwisha, mume hakuna. Nani atakuchimbia?"

"Mtaniacha pale nitakapoangukia," akasema. "Mbwa nao ni viumbe wa Mungu. Muulize Mchungaji."

Melania alisimama ameweka mkono mdomoni. Haikujulikana kama ni hasira, au kama alikuwa anauona ule mtungi. Akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Nitakuombea," akageuka, akaondoka.

Hapo ndipo wengine walipoanza. Hawakutukana. Wanaume walifuta majembe kwa majani wakayaweka begani. Wanawake walinyanyua sufuria kutoka motoni, wali haujaiva bado, wakaziweka vichwani na maji yanachemka ndani. Mtu mmoja alikuwa ameshampakulia Fredy maharage. Akaichukua tena sahani mkononi mwa kijana. Mwingine akamwaga ndoo ya maji kwenye mafiga, moto ukalia ukafa.

Kalisti alikuwa wa mwisho. Alifika kwenye minyaa akasimama, mgongo kwao.

"Kijana," akasema. "Mwambie mama huyo kwamba tumesikia. Na wewe, gari la Katoro linapita barabarani asubuhi. Usilikose."

Uani kukabaki mafiga yenye matope na lile tuta jipya nyuma ya nyumba. Mama Masalu akakaa kwenye kigoda. Kikombe kilikuwa bado mkononi, cha vuguvugu. Alikunywa hadi nusu, akampa Fredy kilichobaki, akamshikia kikombe kwa sababu ya ule mkono.

"Mzuri?" akamuuliza.

"Mzuri, mama."

"Haujatiwa ukwaju," akasema Mama Masalu.