Mtani wa Marehemu Apewa Wakili

Masunga alikuwa mrefu hivi kwamba mvua ya Ufipa ilimlowesha yeye kwanza, majirani wakapata muda wa kuanua ulezi. Sasa alikuwa mahabusu Sumbawanga kwa kesi ya mauaji, na shingo yake ndefu ilikuwa inatafutiwa kamba.

Kisa chenyewe ni hiki. Rafiki yake, Kasimiri wa Milanzi, alilala mzima akaamka maiti. Siku ya mazishi Masunga, kwa kuwa ni mtani, akajilaza juu ya jeneza. "Nimemuua mimi. Alikuwa ananimalizia pombe. Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo." Waombolezaji wakacheka mpaka padre akapotelewa na sala. Askari mmoja mgeni, ambaye kwao hawataniani msibani, hakucheka. Masunga akatiwa pingu, jogoo kwapani.

Enzi hizo biashara huria ilikuwa imesharuhusiwa, sokoni Majengo unanunua chochote. Wakili ndiye asiyenunulika kwa maskini. Maskini hupewa wa serikali, na desturi ilikuwa wakutane ngazini asubuhi ya kesi, wasalimiane, waingie kuangamia pamoja. Mwaka huo jaji akaibadili: wakili aende gerezani mapema, amsikilize mtu wake mpaka mwisho.

Wakili Calvin akaenda amenuna.

"Shikamoo, mzee. Ulimuua?"

"Marahaba. Si nilishasema? Na akifufuka namuua tena, mlafi yule."

"Mzee, utanyongwa."

"Kwa utani?"

"Utani gani?"

Masunga akamweleza yote.

"Shahidi wako nani?"

"Leonia, mjane wake."

"Mjane akutetee wewe?"

"Kwani jogoo alinipa nani, mwanangu?"

Mahakamani Leonia akasimama kama yuko jikoni kwake. "Mheshimiwa, mume wangu alikuwa na moyo mbovu, daktari anajua. Huyu mlingoti ni mtani wetu. Bila yeye ningelia siku nzima."

"Mbona hukusema mapema?" jaji akauliza.

"Zile pingu nilidhani askari naye anatania. Baadaye hakuna aliyeniuliza."

Daktari naye akathibitisha. Wazee wa baraza wakainama kuficha meno. Masunga akaachiwa huru.

Yeye na Calvin walipopita gerezani kuchukua blanketi lake, mahabusu mmoja akaita kutoka nyuma ya nondo, "Wakili, hata mimi sijaulizwa."

"Na mimi," akadakia mwingine.

Calvin alikuwa na basi la kuwahi. Akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Haya. Anza wewe."