Nafasi ya Rodah

Weldon Kiptanui alikuwa dereva wa lori la majani chai katika shamba moja kubwa nje ya mji wa Kericho. Wachumaji walimpenda kwa sababu alikuwa radhi kumsubiri aliyechelewa kwenye mizani. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na akiongoza maombi hata watoto walitulia.

Jumapili moja mwaka wa 1993 alisimama mbele ya kanisa, machozi yakimlengalenga.

"Mungu amesema na mimi," alisema. "Niache usukani, niende Londiani nikaanzishe kanisa. Hakuna mshahara unaoningoja huko. Nafuata sauti tu."

Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Mkewe, Rodah, aliyefundisha nasari, shule ya chekechea ya shamba, alikuwa ameketi na wanakwaya wenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia habari ya kuhama. Akainamisha kichwa. Weldon alidhani anaomba.

Walipofika nyumbani alimuuliza, "Mbona umenyamaza, Mama Winny?"

"Nafikiria vile tutafunga vyombo."

Jibu hilo lilimfurahisha sana. Aliliona ni imani.

Wakahama. Nyumba ya kampuni ikapewa dereva mwingine, nao wakapanga vyumba viwili vya mbao huko Londiani, mahali ambapo baridi ya asubuhi ilimfanya binti yao Winny alie akivaa viatu. Mzee mmoja aliyeitwa Robert aliwaazima ghala lake la viazi wafanyie ibada. Kuna siku walilala na chai ya rangi tu. Lakini kuna siku pia walifungua mlango wakakuta debe la viazi au kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na hawakujua nani amekileta.

"Umeona?" Weldon alikuwa akisema. "Bwana hajatuacha."

"Nimeona," Rodah alikuwa akijibu. Na hakuwa akidanganya. Kanisa lilikua. Waumini walijenga jengo lao la mabanzi, wakaliezeka kwa mabati, na Weldon akawa Pasta kweli kweli.

Rodah naye hakukaa bure. Siku za kazi aliwakusanya watoto humo kanisani akawafundisha. Aliimba nao, akawachorea herufi kwa makaa kwenye kipande cha mbao, na baada ya muda akina mama waliokuwa hawamjui Mungu wala kanisa walikuja kumwomba awapokelee watoto wao. Nasari ilipojaa, wazazi wakaunda kamati. Mwenyekiti akaja kwa Weldon, kofia mkononi.

"Pasta, mama anajua kazi. Lakini watu wanataka mwalimu wa cheti."

Weldon hakutaka kuonekana anampendelea mkewe. Alikubali pale pale. Akaletwa msichana mmoja mpole, Rebeccah, aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu. Rodah akawa msaidizi wake: kupika uji, kufuta watoto kamasi, kuwapeleka chooni.

Mwaka wa 1998 kukawa na semina ya akina mama, na miongoni mwa wageni akaja Phelis, jirani yao wa zamani kule shambani. Siku zile alikuwa akimsaidia Rodah kazi ya nasari. Sasa yeye ndiye mwalimu mkuu wa nasari ile. Semina ilipokwisha, Weldon alimsindikiza hadi barabarani, akampongeza.

"Ni Mungu, na ni Mama Winny," Phelis alisema. "Ile nafasi ya chuo ilikuwa yake."

"Nafasi gani?"

Phelis akasimama. "Kwani hakukwambia, Pasta? Meneja alikuwa amekubali kampuni imsomeshe ualimu. Aliambiwa Ijumaa. Akasema atakwambia Jumapili mkitoka kanisani, mkikula vizuri. Hata kuku alikuwa amenunua. Sasa wewe ukatangaza mnahama."

Weldon alimkumbuka kuku yule. Alikuwa amemla akishukuru, akidhani amechinjwa kwa ajili ya wito wake.

Alimkuta Rodah shambani nyuma ya nyumba, akichimba viazi. Akasimama karibu naye, viatu vya kanisani vikizama kwenye tope.

"Phelis ameniambia habari ya chuo. Mbona hukusema, Rodah?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi. Rodah alikung'uta udongo kwenye kiazi kabla ya kujibu.

"Ulisimama mbele ya watu ukasema Mungu ameongea. Mimi ningesema nini baada ya Mungu?"

"Ningekusikiliza."

"Labda. Lakini hukuniuliza."

"Tunaweza kurudi. Nitaongea na meneja."

"Meneja yule alishaenda zake. Na nafasi ilikuwa moja, Phelis akaichukua, na ameitumia vizuri. Sina kinyongo na yeye." Akaweka kiazi ndani ya ndoo. "Wewe pia nilikusamehe kitambo. Mungu alikuita, sina shaka, nimeona kazi yake hapa. Jambo moja tu, Baba Winny. Usiniambie kwamba kupoteza kwangu kulikuwa mpango wake."

Weldon alikuwa karibu kusema hivyo hivyo. Akainama, akaibeba ndoo.

Hata hivyo alienda chuoni akaulizia. Walimpokea kwa heshima, wakamweleza masharti ya kuingia, na alama za mtihani ambazo Rodah hakuwa nazo. Wakati ule kampuni ndiyo ingemwombea nafasi bila alama hizo. Alirudi akamwambia. Rodah akasema asante, akaendelea kukunja nguo.

Weldon aliendelea kuhubiri, na waumini walisema mahubiri yake yamekuwa mafupi. Jumatatu moja alipopita karibu na jengo la kanisa alimsikia Rebeccah akiwafundisha watoto kuhesabu, sauti zao zikipanda pamoja. Nje, kwenye moshi wa kuni, mkewe alikuwa akikoroga uji, midomo yake ikihesabu pamoja nao.