Jina la Mama Jikoni

Fundi cherehani wa nyumba ya pili anaapa kwamba kwenye shule ya ng'ambo walimleta mlinzi kwa mkokoteni, hoi, hata kope haipandi; wakambandika kidole kwenye mashine ya kuhakiki watumishi, ikalia ti, na mshahara wake haukukatika. "Kwa macho yangu haya mawili!" anasema, ingawa mtaa mzima unajua habanduki kwenye cherehani yake.

Ukoko alimsikiliza, akaenda kuazima toroli. Jina hilo alipewa na wanachuo wa ualimu, kwa kuwa aliwagawia ukoko bure. Miaka sita alikuwa akiwapikia kwa jina la mama yake. Mama alipopooza mguu, mhasibu wa chuo alisema, "Mtoto ashike mwiko, jina libaki la mama. Nani atauliza?" Hakuuliza mtu, mpaka serikali ilipoamua kulipa mishahara yenyewe kutoka makao makuu, na kila mwenye jina kwenye orodha ajitokeze kwa miguu yake.

Akamsukuma mama mpaka ukumbini. Watu walitazama. Hakuona aibu; hakuona chochote.

Kidole cha mama kilikubali. Ti.

"Shikamoo, mama," afisa alisema, kijana wa tai. "Leo jikoni umetuandalia nini?"

Mama hakujua kuficha sifa za mwanawe. "Marahaba, baba. Muulize huyu, ndiye mpishi. Mimi mwiko sijaushika miaka sita, na yeye hajaunguza hata sufuria moja!"

"Na ukoko tunaokula unatoka wapi?" mtu akadakia nyuma. Wakacheka. Mama naye akacheka.

Afisa hakucheka. Akabonyeza, jina la mama likafutika kwenye orodha, majina ya chini yakapanda mstari mmoja.

"Na mimi?" Ukoko akauliza.

"Wewe humu hujawahi kuwemo, dada."

Moyo wake ulikuwa kama ule mguu wa mama: upo, lakini hausikii. Alikumbuka tu kwamba maharage yako motoni na hakuna wa kuyaongeza maji. Akamgeukia mhasibu, aliyekaa pembeni ya afisa.

"Baba, mwiko ulinipa wewe. Mwambie huyu kaka aniandike."

Mhasibu akavua miwani, akaanza kuifuta kwa upindo wa shati. Akafuta kioo cha kwanza, akafuta cha pili, akarudia cha kwanza.

"Anayefuata," afisa akaita.