Shimo Nyuma ya Zizi

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Ndevu ingawa kidevu chake hakikuwa na hata unywele. Tulifanya kazi kwa tajiri mmoja, kwenye shamba lake la ng'ombe wa maziwa: mimi mkamuaji, yeye mtu wa pampu. Nyuma ya zizi palikuwa na shimo la zege ambamo kinyesi na mikojo yote ilitiririkia. Mgeni akikaribia hapo alitapika. Sisi tulishazoea, tulikuwa tunakula chakula cha mchana papo hapo.

Asubuhi hiyo pampu ya kunyonya shimo hilo iliziba. Meneja akaja, leso puani.

"Shuka ukazibue," akamwambia Ndevu.

"Bosi, humo mna hewa mbaya. Tufungue mifuniko yote kwanza, tusubiri."

"Usubiri nini? Hiyo ni samadi, haitageuka marashi."

Ndevu akaguna, akakunja suruali, akashuka ngazi. Nilimwona akiinamia bomba. Hakupiga kelele. Magoti yalimlegea tu, akaanguka kifudifudi, na ule uji wa kijani ukamfunika mgongo.

Nikarukia ngazi. Hewa ikanikaba koo, macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Dereva wa trekta akanidaka mkanda, akanivuta juu.

"Ukishuka tutazika wawili," akasema.

Tulimtoa kwa kamba na ndoano, kama mtu anavyoopoa ndoo kisimani. Kinyesi kilimjaa kinywani, puani, masikioni. Meneja alikuwa amesimama mbali, upande unakotoka upepo.

"Mpigeni maji kabla mkewe hajafika," akasema. "Halafu mkakamue, lori la maziwa liko njiani. Na mkiulizwa, aliteleza."

Mpira wa kuoshea ng'ombe ndio uliomwosha shemeji yangu. Wenzangu waliinamisha vichwa, wakaenda kukamua. Mimi nilibaki nimepiga magoti kwenye tope, nikimtoa uchafu masikioni kwa kidole.

Dada alifika akihema. Akamtazama mumewe, kisha akanigeukia mimi.

"Nani alimwambia ashuke?"

"Pole sana, mama," meneja akadakia. "Aliteleza."

"Mwongo huyo," nikasema. "Yeye ndiye aliyemtuma."

Dada akamwendea meneja, akamng'oa leso usoni.

"Sogea umnuse," akasema. "Ni mtu wako."

Meneja akarudi nyuma hatua chache, akatapikia viatu vyake. Hakuna aliyempa maji.

Nyumbani tulimwogesha Ndevu tena na tena kwa sabuni. Harufu haikutoka kwenye kucha wala kwenye nywele. Dada akasema basi, azikwe nayo.

Nilifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo. Polisi niliwaeleza yote, wakaniambia nitaitwa, na hadi leo sijaitwa. Meneja alihamishiwa shamba jingine la tajiri yule yule. Huko nako, nasikia, wanachimba shimo.