Kopo la Hamira

Watani waliingia uani mchana wa siku ya tatu, hitima imekwisha na wali umeshaliwa. Somoe aliwasikia kabla hajawaona, kwa sababu Bakari hajui kuingia msibani kimya.

"Enyi wafiwa, punguzeni kilio! Mnamlilia nani? Huyu hakuwa mtu huyu, lilikuwa bomba la salfa lenye miguu!"

Uani kukapasuka kicheko. Ndiyo kazi ya mtani. Marehemu akishazikwa, yeye huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake na kukohoa kikohozi chake, mpaka wafiwa wamwone mtu wao mara moja ya mwisho na wasahau kidogo kulia. Mtani hakatazwi. Anayemkasirikia anajiaibisha mwenyewe.

Somoe alikuwa chumbani kwenye mkeka wa eda, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Kupitia dirishani alimwona Bakari amevaa kofia ya marehemu Amiri, mume wa Somoe, kitambaa puani, dumu tupu mgongoni, anaipulizia dawa ya salfa mikorosho isiyokuwepo. Hata bega la kushoto alilishusha vilevile. Somoe alihisi tabasamu likimjia, akaliacha lije. Kisha Bakari akatia mkono mfukoni, akatoa kopo la hamira alilolijaza kokoto, akalitikisa.

Cha, cha, cha.

Tabasamu likamfia Somoe mdomoni.

Kopo lile Amiri alilianza mwaka ule walipopimwa wote wawili na kukutwa na virusi. Kliniki waliyoichagua ilikuwa ya mjini Mtwara, mbali na macho ya kijiji, ingawa zahanati ya karibu ilikuwa njiani kuelekea Kilambo. Vidonge akavitoa kwenye chupa yake nyeupe, ambayo kila mtu angeitambua, akavitia kwenye kopo la hamira. Alipotembea, kopo lililia mfukoni. Kila Magharibi ilipoadhiniwa, Amiri aliinuka barazani, akaenda kumeza pembeni.

Bakari akambatiza jina: Kayamba.

"Kayamba huyooo! Anakwenda kula pipi peke yake!"

Ulikuwa utani tu. Amiri alicheka pamoja nao. Lakini watoto nao wakaanza kumwita hivyo, na Amiri akaanza kutia pamba ndani ya kopo ili lisilie. Baadaye akawa analiacha nyumbani akienda kulala mashambani msimu wa kupulizia. Mwisho akaacha kabisa, akimwambia Somoe kwamba mwili wake umeshapona. Kifua kikaingia, kikamchukua. Hakuna aliyeuliza zaidi ya kifua.

Somoe hakuacha. Kidonge chake kilikuwa kwenye pindo la kanga, hata sasa. Aliyemtisha alikuwa ameketi karibu naye: mama mkwe wake, Mwanahamisi, na Tatu, mtoto wa Somoe, amelala pajani pake. Mama mpole, mkarimu. Lakini mwanamke mmoja wa kitongoji cha jirani alipojulikana ana virusi, Mwanahamisi alisema akipepeta mchele, bila hata kuinua uso, "Angekuwa mkwe wangu, angetoka na kanga aliyoivaa. Mtoto angebaki." Somoe kwao Msimbati hakubaki mtu. Akifukuzwa hapa, hana pa kugonga hodi, na Tatu hatakuwa naye.

Nje, Bakari alikuwa anakizunguka kiwanja.

"Nauliza, jamani! Mtani wangu kila Magharibi alinitoroka na kopo lake. Cha, cha, cha, huyo! Kafa hajaniambia mlikuwa na nini. Nani anajua? Mkewe si yumo ndani? Atuambie!"

"Hata mimi nimejiuliza siku zote," alisema Mwanahamisi.

Esha, wifi yake Somoe, akageuka. "Wifi, kopo lenyewe liko wapi? Mlikuwa na nini mle?"

Lilikuwa chini ya godoro alilolikalia Esha. Somoe akatazama dirishani kama mtu anayetafuta mlango.

Kule nje, kwenye mkeka wa mwisho wa wanawake, alikaa Sabra. Kijiji kizima kilimjua Sabra, kwani siku watu wa afya walipokuja kupima, ndiye aliyesimama mbele ya umati akasema, "Mimi ninaishi na virusi, ninakunywa dawa, na nyote mmekula maandazi yangu." Tangu hapo amekuwa mshauri wa wagonjwa wenzake. Tangu hapo pia, nyumba anayoiingia mchana husemwa jioni. Kwa hiyo humfikia Somoe na sinia la maandazi kichwani, kama muuzaji. Angeinuka sasa kumnong'oneza Bakari, wote wangejua anamfichia nani.

Sabra aliinuka. Hakunong'ona.

"Wewe Bakari! Lete hapa kopo langu!"

Ukoo wa Sabra na wa Bakari ni watani pia, kwa hiyo watu walicheka wakidhani ni mchezo.

"Lako toka lini, mama Maandazi?"

"Toka siku zote. Mle mlikuwa na dawa zangu. Mimi nakosa nauli, Amiri akienda mjini kufuata salfa ananichukulia kliniki. Magharibi ndiyo saa yangu ya kumeza, ndiyo maana alikuwa anawakimbia. Ananiletea! Na wewe, kichwa maji, umelichezea ngoma kopo la mgonjwa miaka yote hii."

Kicheko kilianza, kikakatika. Bakari alibaki na kopo hewani. Akavua kofia ya Amiri taratibu.

"Hakuniambia," alisema, na sauti haikuwa ya utani tena. "Nimemcheka mtu anayebeba dawa za mwenzake."

"Allah amlipe," mzee mmoja akaitikia. "Amlipe," wakarudia uani, na wengine wakaanza kulia upya, safari hii kwa ajili ya wema wa Amiri.

Somoe naye alilia, lakini kilio chake kilikuwa kingine. Amiri hakumbebea Sabra chochote. Akikutana naye njiani, alivuka upande wa pili asije akaonekana anamsalimia. Sasa Sabra ndiye aliyempa sifa ya kukumbukwa nayo.

"Mwiteni huyo binti aingie," alisema Mwanahamisi akifuta macho. "Alikuwa mtu wa mwanangu."

Sabra akaingia, akampa Somoe mkono, akakaa. Akaletewa chai. Wengine walikunywa kwenye vikombe vya udongo, yeye akapewa cha plastiki chenye ufa. Alipomaliza, Esha alikishika ukingoni kwa vidole viwili, akakiweka peke yake karibu na mlango.

"Kisichanganywe hicho."

"Si kwa ubaya, mwanangu," Mwanahamisi akamwambia Sabra. "Ni tahadhari tu."

"Nimezoea, mama," alijibu Sabra, na akatabasamu kweli.

Somoe alikitazama kikombe kile. Ameokolewa leo, akajiambia. Siri yake iko salama, na itakaa salama kama ile ya Amiri ilivyokaa: imefungwa vizuri, imetiwa pamba.

Adhana ya Magharibi ikapanda. Sabra akaanza kuinuka.

"Wifi," Somoe alisema, "nipe maji ya kunywa."

"Ngoja nikuletee kikombe."

"Si hicho hapo?"

"Hicho ni cha Sabra."

"Ndicho ninachokitaka."

Sabra alimtikisia kichwa: usifanye. Somoe alinyoosha mkono mpaka Esha, kwa kuduwaa, akakijaza maji ya mtungini, akampa. Somoe akafungua pindo la kanga. Akaweka kidonge ulimini, akanywa, mbele yao wote.

"Somoe," alisema mama mkwe polepole. "Nini hicho?"

"Kilichokuwa kwenye kopo la Amiri, mama. Sabra amemsitiri. Amiri angeendelea kukinywa, leo angekuwa barazani anachekwa na Bakari."

Mwanahamisi aliuweka mkono kifuani, kama aliyefiwa tena na mwanawe.

"Na mtoto?"

"Alipimwa. Hana."

"Una hakika?"

"Sabra alikuwepo."

Mwanahamisi hakumtazama Sabra wala Somoe. Aliinama, akampandisha Tatu kutoka pajani hadi kifuani, akamzungushia kanga yake na kumkaza kwa mikono yote miwili. Na Somoe, kikombe chenye ufa kikimdondoshea maji magotini, hakuweza kujua kama bibi anampakata mjukuu wake, au anamchukua.