Kiti cha Meza Kubwa

Fundi cherehani alifika kwa kaka yake akiwa hoi. Siku nne hakulala vizuri, maana kila mteja alitaka nguo ya sikukuu, tena aliitaka jana. Macho mekundu, kiuno kinamuuma, vidole vimetobolewa na sindano. Hata hivyo alivua viatu tu, akaanza kuandaa meza ya watoto. Asipoiandaa yeye, nani ataiandaa?

Na tusimpunje, mkono anao. Alitandika meza nzima karatasi za kukatia nguo ili watoto wachorechore wakisubiri chakula, akamwaga kalamu za rangi katikati. Kila kikombe akakichora uso wa mtoto mwenyewe: huyu pengo, yule masikio. Mabaki ya vitambaa alikuwa ameyashona yakawa vibendera, akavitundika dirishani. Watoto watano wakaruka mpaka vijiko vikaanguka.

Nyumba ile ina sheria iliyoachwa na marehemu mama yao: ukitimiza miaka kumi na minne, unahamia meza kubwa. Fundi naye alihamia, zamani hizo. Kisha kaka akaanza kuzaa, akahitajika mtu wa kuwaangalia wadogo, naye akarudishwa kwenye kigoda kwa mwaka huo tu. Mwaka huo tu, jamani, sasa una miaka kumi na mitatu. Wifi yake humtania kwamba asiye na mwana aeleke jiwe, na yeye kapewa mawe chungu nzima. Fundi hucheka. Moyoni humchoma.

Safari hii alimpigia kaka simu mapema, akamwambia wazi kwamba amechoka, anataka kula na watu wazima, na yeye aulizwe habari zake kama mtu. Kaka akaapa kwamba kiti kipo.

Basi alinawa mikono, akaingia chumba cha kulia. Viti vyote vilikuwa vimejaa. Kaka alikuwa amemwalika bosi wake na mkewe, na kwenye kiti cha mwisho alikaa binti mkubwa wa kaka, aliyetimiza kumi na minne wiki ile, ndani ya gauni alilolishona shangazi yake, fundi huyo huyo. Kaka akambembeleza dada yake kwa sauti ya chini kwamba mgeni ni mgeni, na isitoshe, watoto wamemzoea.

Fundi hasira aliisikia, ila hakuwa na nguvu ya kugomba. Binti alimtazama, akaanza kuinuka.

"Kaa, mwanangu. Hicho ni chako." Kisha fundi akamgeukia kaka yake. "Kaka, inuka wewe."

Kaka alicheka. Hakucheka mwingine. Bosi akaitazama sahani yake, na wifi, yule yule mwenye utani, akamwambia mumewe taratibu ampishe dada yake. Kaka akainuka. Akaenda kukaa kwenye kigoda kule kwa watoto, magoti yakimfika kidevuni.

Fundi alikaa, akaegemea. Mazungumzo hakuyasikia hata nusu, alikuwa anakula tu. Mara kitinda mimba akaita kutoka chumba cha pili kwamba baba kamwekea vitunguu, na yeye hali vitunguu, na shangazi anajua, kwa hiyo shangazi aje.

Miguu ya fundi ilianza kusimama yenyewe. Akairudisha chini ya meza.

"Mwambie baba yako," alisema. "Na yeye ajue."