Panzi wa Shamba la Bichage

Japheth alifariki Jumanne moja ya mwezi wa nne, mwaka wa tisini na nne, akiwa amepalilia nusu ya mahindi. Bhoke, mkewe, alimalizia nusu iliyobaki siku chache baada ya mazishi, maana magugu hayakumngoja amalize kulia.

Wiki ya tatu kuku wake mmoja akafa kwa ugonjwa wa kideri. Kabla hajamzika, shemeji yake Bichage akapita kando ya ua na kuona panzi wamemganda yule kuku, wanatafuna nyama ya shingo. Akaita majirani.

“Panzi anakula majani,” akawaambia. “Nani hapa Kegonga amewahi kuona panzi wa nyama? Hawa ni wa kufugwa. Ndio walimmaliza ndugu yangu. Huyu mama afunge vitu vyake arudi kwao, shamba libaki la ukoo.”

Watu wakasogea mbali na Bhoke. Hata Priscilla, rafiki yake wa kanisani, aliinamisha macho.

Bhoke aliwajua panzi hao. Kabla ya kuolewa alikuwa ameanika omena, dagaa wa ziwani, miaka minne kule Homa Bay, na kila asubuhi alikuwa akifukuza panzi waliotoka nyasini kuja kuguguna samaki. Majani ndiyo chakula chao, lakini nyama ya bure hawaipiti.

“Shemeji, shamba lako lina panzi?”

“Wapo. Wa kawaida, si kama wako.”

“Basi kawashike mwenyewe. Mimi siwagusi, usije ukasema nimewaroga.”

Mtu mmoja akacheka. Bichage akaona aibu kukataa, akaenda, akaleta sita. Priscilla akawatia kwenye chupa ya jamu pamoja na jani la hindi na omena watatu, akafunika kwa kitambaa. Chupa ikawekwa juu ya kigoda uani, kila mtu aione.

Kufika saa kumi jioni jani lilikuwa limemegwa pembeni. Omena mmoja hakuwa na tumbo tena.

“Haya, shemeji,” Bhoke akasema. “Na wewe umemmaliza nani?”

“Ni hili jua. Limewachanganya.”

“Limekuchanganya wewe,” Priscilla akamwambia. “Nenda ukalime.”

Bichage hajaomba msamaha mpaka leo, na Bhoke hajamdai. Amebaki katika boma lile lile. Wiki hii anavuna mahindi.